Bi Mizani na Msumari wa Nne

Ninaandika haya Jumanne, tarehe 3 Juni, miaka ishirini na sita na siku kumi na moja tangu nilipotoka kwenye geti la chuo chetu cha ufundi wa ndege nikiwa na mkoba mmoja. Ijumaa ya tarehe 27 mwezi huu, saa kumi jioni, Bi Mizani, mtunza stoo wa karakana ya ndege ndogo, atafunga mlango wake wa bati kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na tisa ya kazi. Mhariri wa jarida hili la chuo aliponipigia simu kuniomba niandike wasifu wake, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Kumi na tatu kati ya miaka hiyo tulifanya kazi pamoja, yeye stooni, mimi mwalimu wa urushaji, na ukuta mmoja tu kati yetu.

Mhariri alikuwa pia na ujumbe kutoka kwa mstaafu mwenyewe. "Mwambie Mwalimu msumari wake bado uko. Na Mnene yuko tayari."

Walioajiriwa juzi watauliza ni msumari gani. Ingieni stooni mtazame ukuta wa kushoto. Kuna misumari sita, na kwenye kila msumari kinaning'inia kishikio cha kurushia ndege. Nyuma ya kila kishikio mstaafu wetu alichora umbo lake kwa wino mweusi, ili kikikosekana aone mara moja. Msumari wa nne una mchoro tu. Hauna kishikio kwa miaka ishirini na sita, na haujawahi kutundikwa kitu kingine, hata kalenda. Kishikio chake ninacho mimi. Na Mnene ni ndege niliyokuwa nikiirusha, ile yenye tumbo kubwa inayoning'inia juu ya dirisha. Bi Mizani anataka kwamba, siku ya kuagwa kwake, Mnene aruke tena, na kishikio cha nne kiwe mkononi mwa aliyekichukua.

Jibu langu nitalitoa mwishoni. Kwanza kazi ya mtu.

Kwa wale wa idara nyingine wanaosikia tu mlio wa injini na kufunga madirisha, nieleze kidogo. Ndege zetu ni za mfano, hazibebi mtu, na hazina redio. Kutoka kwenye ncha ya bawa la kushoto zinatoka nyaya mbili nyembamba za chuma, urefu wa mita kumi na tano hadi ishirini, mpaka kwenye kishikio mkononi mwa mrushaji. Yeye husimama katikati ya uwanja, na ndege humzunguka kwa kasi inayofanya macho yatoke machozi. Ukiinua kifundo cha mkono, waya wa juu unavuta, kibawa cha mkia kinainuka, ndege inapanda. Ukishusha, inashuka. Kila kitu unachotaka kuiambia ndege kinapita kwenye nyaya hizo mbili. Waya ukiwa mnene mno, hewa inaukamata na ndege inachoka. Ukiwa mwembamba mno, unakatika, na hapo una injini inayonguruma, panga la injini linalozunguka na kilo moja na nusu ya mbao inayokwenda inakotaka. Ukiwa mrefu kuliko nguvu ya injini, unalegea, na ndege isiyovutwa haisikii la mtu.

Kwa hiyo swali la karakana nzima, kila asubuhi ya kuruka, lilikuwa moja: leo tunafunga nyaya zipi? Kwa miaka thelathini na tisa, aliyelijibu ni Bi Mizani.

Hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na mmoja kugawa tindo, misumeno na gundi, na kufagia unga wa mbao. Mimi ndiye niliyemwonyesha rafu siku ya kwanza. Nilimwonyesha makopo ya rangi, chupa za mafuta ya nyonyo tunayochanganya na mafuta ya injini, kisha nikamwonyesha boksi la nyaya nikasema, kwa haraka ya mtu mwenye darasa, "Na hizi ni nyaya." Akaniuliza, "Zote ni sawa, Mwalimu?" Nikamjibu ziko sawa tu, mwanangu, ilimradi zisiwe na kutu.

Nililijutia jibu hilo wiki hiyo hiyo.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, naye alikulia chini ya meza ya kukatia nguo. Uzi kwake haukuwa uzi tu. Alikuwa na tabia ya kuupitisha kati ya vidole viwili akiwa amefumba macho. Siku ya nne kazini alichukua kipande cha pamba kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akakizungushia waya wangu nilioupenda kuliko zote, akatembea nacho kutoka mwanzo hadi mwisho. Katikati pamba ikanasa. Aliponiita nikaangalia, sikuona kitu. Akanipa kioo cha kukuzia. Waya ule ulikuwa umesokotwa kwa nyuzi saba nyembamba, na mbili zilikuwa zimekatika, zimesimama kama manyoya ya paka aliyeogopa. Nilikuwa nimerushia ndege waya huo siku iliyotangulia, mbele ya wanafunzi thelathini.

"Ziko sawa tu," alisema, akinitazama usoni, na hakucheka. Fundi wetu wa kuchomelea, tuliyemwita Cheche, alicheka kwa niaba yake, na akaendelea kucheka kwa muda wa mwezi mzima.

Kuanzia hapo hakuna waya uliotoka stooni bila kupita kwenye pamba. Mwezi uliofuata alileta mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia, akaifunga kwenye nguzo ya chuma mlangoni. Alikuwa na kanuni yake: nyaya za ndege lazima zistahimili uzito wa ndege mara kumi. Ndege ya kilo moja na nusu, nyaya zake zivutwe mpaka kilo kumi na tano, zishikiliwe hapo mpaka ahesabu kumi, kisha zikaguliwe upya. Jina la Bi Mizani lilizaliwa kwenye nguzo hiyo, na la kwake la kuzaliwa likabaki kwenye faili la ofisi.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu fani hii, vingine vizuri sana, na sikuona hata kimoja kinachochagua nyaya kama yeye. Vitabu huanza na uzito na injini. Yeye alianza kwa kuuliza, "Anashika nani?" Mwanafunzi wa wiki ya kwanza alipewa nyaya ndefu kiasi, ili mzunguko uwe wa polepole na kichwa kisimzunguke. Mwenye mkono mzito alipewa kishikio ambacho nafasi kati ya nyaya zake imepunguzwa, ili akiinua sana ndege iinuke kidogo. Mwenye papara hakupewa kitu mpaka amekunywa maji. Baada ya hapo ndipo alitoka nje, akanyanyua uzi wa sufu aliofunga kwenye kijiti, akautazama upepo. Upepo ukiwa mkali alikata mita moja, wakati mwingine mbili, ili nyaya zikae zimekazwa hata upande ule ambao upepo unaisukuma ndege kuja kwako. Akirudi ndani alisema, "Leo nyaya namba tatu, mita kumi na sita," nasi tulifunga namba tatu, mita kumi na sita.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana bila hiyo wasifu huu ungekuwa na tundu.

Tulikuwa na siku ya wazazi. Mnene alikuwa amepakwa rangi mpya ya njano, injini yake imefunguliwa na kusafishwa, nyaya zimepita kwenye pamba na mizani. Nikaenda katikati ya uwanja nikiwapungia watu mkono. Nikaokota kishikio kutoka kwenye majani, nikampa ishara Cheche aachie ndege. Mnene akakimbia, akanyanyuka mwenyewe kidogo tu, kimo cha goti. Nikainua kifundo cha mkono kwa madaha ili apande. Mnene akashuka. Nikashtuka, nikainua zaidi. Mnene akaingia ardhini kwa pua mpaka mabawani, na udongo ukaruka hadi kwenye viti vya mbele.

Nilikuwa nimeokota kishikio juu chini. Waya wa juu ulikuwa chini, wa chini ulikuwa juu, na kila nilichomwambia Mnene alikisikia kinyume. Ni kosa la watu wa kazi yetu peke yao. Sijaona mahali pengine mtu akivunja ndege kwa kuishika vizuri, kwa nguvu, na kwa kujiamini.

Cheche akapaza sauti: "Mwalimu! Tulidhani unafundisha kuruka, kumbe unafundisha kulima!"

Wazazi walicheka hadi kushikana mabega. Nilirudi stooni na mabaki mikononi, nikitarajia kupozwa. Bi Mizani alifungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, akapaka upande wa juu wa kishikio changu, ncha yote, tabaka mbili. Akapuliza mpaka ikakauka. "Nyekundu juu," akasema. Kisha akavipaka na vingine vitano vilivyobaki. Mpaka leo mwanafunzi wa siku ya kwanza kabisa chuoni hapa hufundishwa maneno hayo mawili kabla hajafundishwa jina la injini, na wengi hawajui kwamba yametoka kwenye pua ya Mnene.

Tulimtengeneza Mnene upya, na ni vizuri tulimtengeneza, kwa sababu mwaka uliofuata ndiye aliyeiokoa karakana.

Wakaguzi walikuwa wanakuja kuamua kama karakana ya ndege ndogo ibaki au ifungwe, chumba chake kiwe ghala la viti. Mkuu wa chuo wa wakati huo, mtu mwema mwenye haraka, alikuwa ameagiza nyaya mpya nyembamba sana kutoka mbali, unene wa robo ya milimita na ushee kidogo. Alitaka Mnene aende kwa kasi ambayo wakaguzi hawajawahi kuiona. Viti vyao vilipangwa karibu na duara. Asubuhi ile upepo ulikuwa unaanza kusumbua.

Bi Mizani alizitazama nyaya hizo zikiwa bado kwenye kibiringo, akasema hatazifunga. Mkuu akamwambia ni mpya, zimetoka kiwandani, hata karatasi haijachanwa. Akajibu kwamba hata suruali mpya baba yake alikuwa akiivuta mshono kabla ya kumpa mteja. Mkuu akatazama saa. Akasema, na nilikuwepo, "Mama, wewe ni mtunza stoo. Mimi nina wageni getini."

Yeye akachukua nyaya, akatoka nazo hadi kwenye nguzo, akazifunga kwenye ndoano ya mizani. Hakuomba ruhusa. Akaanza kuvuta, akisoma kwa sauti: nane, tisa, kumi, kumi na moja. Kwenye kumi na mbili ulisikika mlio mdogo, kama mtu amekata kucha. Waya mmoja ulikuwa chini. Mahali ulipokatikia palikuwa pamejikunja wakati wa kufungashwa na kunyooshwa tena kwa mkono; jicho lisingeona, ila nguvu ya ndege ingepaona, na ingepaona wakati Mnene yuko upande wa viti.

Mkuu alikiokota kile kipande cha waya. Kisha akavua koti lake, akakunja mikono ya shati, akasema, "Mama, tufunge zipi?"

Jibu lake ndilo lililonifanya niamini kwamba tuna mtu. Alichagua zile za zamani za kusokotwa, nene zaidi, ambazo kila mmoja wetu alijua zitampunguzia Mnene mbio. Halafu akazipunguza mita mbili. Kwa kuwa ni fupi, hewa ina waya mchache wa kukamata, na duara ni dogo, kwa hiyo Mnene atazunguka haraka machoni mwa watu ingawa hajaongeza mwendo. Na duara dogo linamweka mbali na viti. Alifanya hesabu hiyo amesimama, na koleo mkononi, wakati magari yanaingia getini.

Niliruka dakika saba. Sijawahi kuruka hivyo kabla wala baada. Nyekundu ilikuwa juu, niliitazama mara tatu. Mnene alikuwa amezivuta nyaya mpaka zikaimba, na mlio ule nilikuwa nausikia kwenye mfupa wa kiwiko. Nilimpandisha wima, nikampitisha juu ya kichwa changu, nikamshusha upande wa pili hadi majani yakalala, nikamgeuza tumbo juu na kumzungusha duara nzima akiwa kichwa chini, huku Cheche akipiga kelele kama mtu anayefukuza nyuki. Mkaguzi mmoja alisimama juu ya kiti chake. Mkuu alikuwa akipiga makofi na kipande cha waya uliokatika bado kiko katikati ya vidole. Karakana ilibaki, na viti vikatafutiwa ghala jingine.

Nimeulizia takwimu zake ofisini, kwa sababu wasifu unahitaji takwimu. Ameandaa nyaya za wanafunzi wanaozidi elfu mbili. Katika miaka thelathini na tisa hakuna ndege hata moja iliyokatikiwa waya hewani. Hata moja. Zimeanguka kwa injini kuzima, kwa mbawa kuvunjika, kwa upepo, na mbili kwa mapenzi, maana waliozishika walikuwa wakimtazama mtu mwingine. Kwa waya, hakuna.

Lipo jambo moja ambalo faili la ofisi halisemi. Bi Mizani hajawahi kurusha ndege. Nilimwomba mara nyingi. Alikuwa akisema kazi yake ni waya, kushika ni kwetu. Siku nyingine alisema atapata kizunguzungu. Siku nyingine sufuria liko jikoni, saa tatu asubuhi, naye yuko kazini. Cheche alikuwa akimwambia, "Dada, unapika miaka yote na hujaonja!" Naye alikuwa akimjibu kwamba anayeonja sana hunenepa kama Mnene. Lakini nilimwona alivyokuwa akisimama mlangoni ndege inaporuka. Kifundo chake cha mkono wa kulia kilikuwa kikicheza taratibu, juu, chini, juu, bila yeye kujua.

Niliondoka mwezi Mei, alfajiri, kwa sababu ambazo wazee wa chuo wanazijua na vijana hawana haja ya kubebeshwa. Kishikio cha nne kilikuwa nyumbani kwangu, nilikuwa nimekichukua kukaza skrubu. Kwenye mkoba nilitia shati, vitabu viwili, miwani, na mkono wangu ukakichukua nacho. Sikumbuki kuamua. Nimehama nyumba saba tangu wakati huo, na katika kila moja kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga msumari.

Nimeambiwa kwamba baada ya mimi kuondoka, watu walitaka kumshusha Mnene watumie injini yake. Bi Mizani aliwauliza kama wana kishikio chake. Hawakuwa nacho. "Basi mwenyewe bado anairusha," akawaambia, na mjadala ukafa. Kila mwaka amempangusa vumbi, akampaka injini mafuta, na nyaya zake akazipitisha kwenye pamba.

Juma lililopita tulizungumza wenyewe kwa simu. Sauti yake ni ile ile, ila sasa ina wajukuu nyuma yake. Mume wake, fundi seremala, alikuwa akisema kwa mbali kwamba hatimaye stoo inamrudishia mke. Nikamuuliza Mnene amefungiwa nyaya zipi. Akasema za kusokotwa, namba tatu, mita kumi na tisa. Nikashangaa: kumi na tisa ni ndefu mno kwa Mnene. Akasema injini imewekewa panga kubwa zaidi, itazivuta. "Nimezichagua kwa mkono wako, Mwalimu. Una miaka sabini na tisa. Duara lazima liwe kubwa uzunguke polepole, usije ukalala katikati ya uwanja wangu siku yangu ya kuagwa." Tukacheka sana. Kisha akasema, "Uje."

Sikumjibu siku ile. Ninamjibu hapa, mbele yenu.

Bi Mizani, kwa niaba ya wote waliorudi nyumbani na vidole kumi kwa sababu ya pamba yako, tunakushukuru. Kwa niaba ya Mkuu yule, aliyekuwa akilisimulia tukio la mizani hadi mwisho wa uhai wake, na kila alipolisimulia akijipunguzia heshima na kukuongezea wewe, tunakushukuru. Pumzika vizuri, mama. Uwe na afya, wajukuu watundu, na upepo wa wastani kila asubuhi.

Nyaya ulizochagua ni sahihi. Mita kumi na tisa, duara kubwa, mzunguko wa polepole: hizo ndizo ambazo siku zote umempa mtu anayeruka kwa mara ya kwanza. Mhariri amekubali kumshika Mnene na kumwachia utakapompa ishara, na uwanja utakuwa wako peke yako. Simama katikati, mkono unyooke. Kifundo kinajua kazi, nimekiona kikifanya mazoezi kwa miaka kumi na tatu.

Kishikio nimekifunga kwenye kitambaa, nikakiweka kwenye sanduku dogo, nikakipeleka posta jana asubuhi. Rangi imebanduka kidogo pembeni lakini inaonekana. Nyekundu juu. Ukishatua, kitundike kwenye msumari wa nne, kisha ufunge mlango.

Kishikio kinarudi. Mimi sitarudi.